Nendeni Mpimwe Mkiwa Bado Wazima

Msomaji wangu wa mtaa wa Pipeline, Nairobi, ameniandikia kuhusu mamake. Ana miaka 41, haumwi popote, na kila akihimizwa akapimwe saratani ya mlango wa kizazi hujibu, "Sitaki kujitafutia ugonjwa." Msomaji anauliza amwambie nini.

Mwambie habari za dada yangu. Alikuwa fundi wa nguo Kariobangi, mtu asiyejua kukaa bure. Alipoanza kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, kliniki moja ya mtaani ilimwambia ni homoni, ikampa vidonge. Akarudi, akapewa vingine. Hakuna aliyempandisha kitandani akamwangalia. Hilo linaniuma hadi leo na sitaacha kulisema. Alipompata daktari wa kumchunguza sawasawa, ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye kibofu.

Alipofariki, kundi la WhatsApp lilifunguliwa kabla ya saa sita. Kila M-Pesa ikiingia, mweka hazina anabandika orodha upya: shangazi elfu mbili, wapangaji wenzake elfu nne mia tano, kanisa elfu kumi. Jeneza, basi, hema, sufuria za kukodi, vyote vikapatikana. Nilisoma orodha ile usiku kucha. Nani kati yetu amewahi kufungua kundi la kuchangia vipimo?

Basi nikaipeleka hoja kwenye chama chetu cha kuchangishana pesa. Wengine waliguna, wakasema naleta mambo ya matanga kwenye pesa za maendeleo. Sikurudi nyuma. Tukatenga nauli, tukaenda pamoja kituo cha afya cha serikali.

Kipimo chenyewe? Unalala, muuguzi anaingiza kifaa, anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja. Penye chembe zilizoanza kubadilika panageuka peupe. Mwenzetu mmoja alikutwa na doa hilo. Walilichoma kwa joto siku hiyohiyo, na jioni alikuwa kwake anasonga ugali. Najivunia siku ile kuliko jambo lolote nililofanya katika jiji hili.

Karibu kila saratani ya aina hii hutokana na kirusi cha HPV, na huchukua miaka mingi chembe kugeuka saratani kamili. Muda wote huo hausikii chochote. Ndiyo maana kungoja uumwe ni kujinyima nafasi. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha wanawake 3,211 waliokufa kwa saratani hii nchini Kenya. Ndugu zangu, hawa si watu wa kuzikwa tu!

Kama umefika miaka 25, nenda. Ukiwa na virusi vya ukimwi, ongea na kliniki yako mapema zaidi, maana hatari yako ni kubwa. Ukiona damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, usikubali kupewa dawa kabla hujachunguzwa. Binti wa miaka 10 achanjwe. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini Oktoba 2019, na kwenye vituo vya serikali ni bure. Wacheni kusikiliza uvumi kwamba chanjo hiyo huleta ugumba.

Na nyinyi wanaume mnaosoma: mkeo akiomba nauli ya kwenda kupimwa, mpe, kisha muulize ameambiwa arudi lini.