Tawi limehamia mkoa mpya, mbona jumla imekuwa mara mbili?

SWALI (Dar es Salaam): Kaka habari za kazi, mimi niko idara ya bajeti kwenye kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi na tunatumia Essbase (programu ya kuhifadhi na kujumlisha namba za bajeti). Kwenye mfumo wetu matawi ya Tunduma na Vwawa yalikuwa bado chini ya Mbeya japo Songwe ni mkoa tangu 2016, sasa bosi akasema bajeti mpya ianze na mikoa iliyo sahihi. Nikafungua autilaini (mti unaoonyesha nani yuko chini ya nani), nikatengeneza Songwe, nikahamisha yale matawi mawili nikasevu, usiku nikaendesha skripti ya kujumlisha kama kawaida. Asubuhi saruji iko sawa ila mabati yamenivuruga: Mbeya milioni 340, Songwe milioni 340, Nyanda za Juu Kusini milioni 680. Na mabati tunauza Tunduma peke yake! Nimerudia mara tatu, namba ni ile ile. Kikao cha bajeti ni Ijumaa, naomba msaada.

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na asante kwa kuniwekea namba, maana hayo mabati ndo yameniambia shida iko wapi. Kwanza tulia, data yako ya chini ni nzima, ukihamisha memba (jina lolote kwenye mti huo, kama tawi au mkoa) kwenye autilaini data yake inamfuata, kwa hiyo Tunduma bado anayo milioni 340 yake. Kinachokusumbua ni jumla ya zamani iliyobaki kwa Mbeya.

Iko hivi. Kwenye kyubu (hifadhi ya data ya Essbase) ya namna yako jumla za juu zinaandikwa kwenye diski kama data nyingine, yaani kuna bloku ya Tunduma na mabati, kuna bloku ya Mbeya na mabati, kila moja na namba zake. Ile ya Mbeya iliandikwa kipindi Tunduma akiwa mtoto wake, na kuhamisha mtoto hakufuti kilichoandikwa kwa mzazi. Sasa usiku hesabu ikapita kwa Mbeya, ikatafuta watoto wenye mabati, ikakuta wote ni #Missing (hakuna data), na mpangilio unaoitwa AGGMISSG ukiwa umezimwa (na ndo unavyokuja toka mwanzo) mzazi ambaye watoto wake wote ni watupu anaachwa na namba aliyonayo. Ndo maana ungerudia hata mara kumi isingebadilika. Saruji imekaa sawa kwa sababu Mbalizi na Kyela wanauza saruji, Mbeya akapata cha kujumlisha upya na namba ya zamani ikafutika yenyewe. Songwe yeye amejumlisha vizuri tu, halafu Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ikachukua Mbeya na Songwe ikapata 680.

Cha kufanya. Kabla ya kugusa chochote toa eksporti ya data ya ngazi ya sifuri (memba wa chini kabisa wasio na watoto), weka kwenye folda yenye tarehe ya leo. Halafu safisha jumla za juu zote na uzijenge upya, skripti yenyewe ni fupi: FIX("Halisi","2024") CLEARBLOCK UPPER; AGG("Tawi","Bidhaa"); ENDFIX. Majina badilisha kufuatana na ya kwako, na urudie kwa kila mwaka na kila senario, bajeti pia. Kuna watu watakwambia washa tu AGGMISSG yatosha, mimi nafuta kwanza halafu najumlisha, nimeona jumla za zamani nyingi sana kwenye kazi hii na sitaki kuacha hata moja.

Ila hapa naomba usome taratibu: je kuna mtu anaingiza malengo moja kwa moja kwenye ngazi ya mkoa au kanda? Kampuni nyingi mkurugenzi anataka lengo la kanda liwekwe juu halafu ndo ligawanywe kwenye matawi. Kama ipo kwenu, CLEARBLOCK UPPER itafagia na malengo hayo, na hayarudi kwa kujumlisha kwa sababu huko chini hayapo. Na ile eksporti ya ngazi ya sifuri haiyabebi, hayo yatolee eksporti yake kabisa. Ulizia kwanza kabla hujaendesha.

Ukimaliza angalia Mbeya na mabati, inatakiwa isome #Missing, na Kanda isome 340.

Kitu kingine hujauliza lakini Ijumaa utaulizwa. Autilaini ni moja kwa miaka yote, kwa hiyo Mbeya ya 2023 nayo imepungua na haitalingana na ripoti iliyochapishwa ikaenda kwenye bodi. Tengeneza mti wa pili chini kabisa ya dimensheni ya Tawi, uite Mikoa ya Zamani, weka Mbeya ya zamani, na chini yake matawi yake yote kama memba wa kushea (memba yule yule akionekana mahali pa pili bila kurudia data). Mzazi wa juu wa mti huo mpe alama ya ~ ili asijumlishwe kwenda juu, ukisahau alama hiyo utazihesabu mara mbili na tutarudi hapa hapa. Na hao memba wa kushea lazima wakae baada ya memba wenyewe kwenye autilaini.

SWALI (Nairobi): Nilibadilisha jina la akaunti ya Nauli ikawa Usafiri wa Wafanyakazi kupitia faili ya kupakia dimensheni. Akaunti mpya iko, data ya miaka 4 imepotea. Imeenda wapi?

JIBU: Dada pole, imefutwa pamoja na Nauli. Faili haijui kwamba umebadilisha jina, inaona mgeni ameingia na mwingine hayumo kwenye orodha, na kama rulu ya kupakia imewekwa iondoe wasiotajwa basi anaondoka na data yake yote. Kama una eksporti ya kabla, ifungue, badilisha jina la zamani kwa jipya, ipakie tena na ujumlishe. Kama huna, muombe mtu wa seva bakapu ya mwisho. Siku nyingine badilisha jina kwa mkono ndani ya mfumo, na kama mnatumia Planning (programu ya bajeti) juu ya Essbase fanya huko huko Planning, maana ukibadilisha kwenye kyubu tu, rifreshi itakayofuata inarudisha ya zamani. Halafu pitia skripti zinazotaja Nauli, zitagoma. Mimi memba nawapa msimbo kama A5210, jina la kusoma linakaa kwenye eliasi, hilo unabadilisha utakavyo na data haiguswi.

SWALI (Mwanza): Kuongeza akaunti moja tu kumechukua masaa 3 halafu diski ikajaa. Kuongeza tawi ni dakika.

JIBU: Akaunti na miezi kwa kawaida ndo zinajenga bloku yenyewe, ukigusa hapo kila bloku inaandikwa upya, na faili mpya zinakaa pembeni ya za zamani mpaka kazi iishe, kwa hiyo nafasi inahitajika karibu mara mbili. Tawi linagusa faharasa (orodha ya bloku) tu. Toa data ya ngazi ya sifuri, safisha kyubu, ongeza akaunti zote kwa mkupuo mmoja, pakia, jumlisha. Na zile faili za .pag (ndo zenye data) usizifute kwa mkono hata diski ikijaa vipi.