Jibu: Kwa nini zinarudi makala 10 tu?
Ndugu, hujakosea popote. Umesema tovuti ina makala 340, lakini programu yako ikiita anwani ya /wp-json/wp/v2/posts, inayotoa orodha ya makala, zinarudi 10 tu. Ndivyo WordPress, mfumo unaoendesha tovuti hiyo, ilivyopangwa: usipotaja idadi, inakupa 10. Ongeza ?per_page=100 (idadi kwa kila ukurasa) mwishoni mwa anwani, na hiyo 100 ndiyo kikomo; ukiandika 101 unarudishiwa kosa la 400, yaani ombi lisilokubalika.

Zilizobaki zifuate kwa kuongeza &page=2, kisha &page=3, mpaka 4. Tafadhali usikisie idadi ya kurasa. Isome kwenye heda (mstari wa taarifa) ya X-WP-TotalPages inayokuja na jibu lenyewe, maana ukivuka ukurasa wa mwisho unakutana na 400 tena.

Kama unahitaji vichwa vya makala tu, weka &_fields=id,title,link, yaani namba, kichwa na kiungo cha kila makala. Mimi huiweka kila mara. Bila hiyo unabeba maandishi yote ya kila makala, na mtandao ukiwa dhaifu programu inakwama.