Kabla ya kuokota chupa ya kwanza

Wanaotaka kuanzisha kikundi cha taka mtaani huniuliza kwanza kuhusu glavu na magunia. Mimi huwarudishia swali: mtamuuzia nani?

Sisi tulianza Bwaise, mtaa wa Kampala, Uganda, bila jibu hilo. Wiki tatu tulizoa kila kilichotusogelea kwenye mifereji, tukakirundika nyuma ya nyumba ya mwenzetu. Dalali alipokuja alichambua, akabeba kama theluthi moja, akaondoka zake. Mama mwenye nyumba hakusema neno, na ukimya wake ulituumiza kuliko matusi.

Kwa hiyo nenda kwa mnunuzi kwanza, umwombe akuonyeshe anachokitaka na anachokikataa. Geuza chombo uangalie namba iliyo chini yake: 1 ni chupa za maji na soda, 2 ni majerikani mengi, na bei zake si moja. Vifuniko viwekeni kando. Kata vipande vya chupa na vya kifuniko, utie kwenye beseni la maji: chupa huzama, kifuniko huelea. Ni plastiki mbili tofauti. Chupa ya mafuta ya injini usiichanganye kamwe, huchafua gunia zima.

Halafu kuna hesabu ya hewa. Kilo moja hula chupa tupu za nusu lita kama 50, kutegemea unene. Usipozikanyaga, unamlipa bodaboda kusafirisha upepo.

Kaveera, yaani mfuko laini wa plastiki, ni habari nyingine. Marufuku ilitangazwa mwaka 2009, sheria ya mazingira ya 2019 ikakataza ile yenye unene chini ya mikroni 30 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na bado utafungiwa nyanya ndani yake leo jioni. Hiyo ndiyo inayoziba mifereji, na ikichafuka kwa matope hatujapata wa kuinunua. Msiwaahidi majirani kwamba pesa ya chupa itaiondoa. Ile ni kazi ya kujitolea, itengeeni siku yake, hasa kabla ya mvua za Machi.

Mahali pa kuhifadhia mkubaliane na mwenyekiti wa LC1, baraza la ngazi ya mtaa, mapema, na majirani wawepo. Tangu jalala la Kiteezi, lililopokea taka za Kampala, liporomoke tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30, mtu akiona rundo karibu na ukuta wake hataki kusikia maelezo. Simlaumu.

Na wale mliowakuta wakiokota, kina mama na vijana wenye magunia mgongoni, msiwafukuze kwa sababu nyinyi mna fulana zinazofanana. Wanajua bei za madalali wote. Mmoja wao ndiye aliyetushauri tununue mizani yetu. Tulipopima gunia nyumbani tulipata kilo 47. Kwa mnunuzi likasoma 41, tukamwomba apime tena, akapima.