Tundu la kifungo liwekwe wapi, na lishonwe vipi lisifumuke?

Swali: Fundi, ninashona blauzi na magauni ya kikwembe (kitenge) hapa Bagira, kwa mashini ya kanyagio inayopiga mshono mnyoofu tu. Mambo mawili yananisumbua. Mama mwenye kifua kikubwa akivaa blauzi yangu, katikati ya kifungo na kifungo inaachia na sidiria inaonekana, hata kama nguo haimbani. Halafu matundu ninayoshona kwa mkono yanatoa nyuzi baada ya kufuliwa mara chache. Huwa nagawa urefu wa mbele sawasawa kulingana na idadi ya vifungo. Shida iko wapi?

Jibu: Dada, kugawa sawasawa ni vizuri. Shida ni pale unapoanzia kugawa. Ukianza shingoni na kushuka tu, kifungo kinaangukia popote hesabu inapokipeleka, na mwili hauvuti nguo sawasawa. Unavuta kifuani, unavuta kwenye kiuno nguo ikiwa imebana, unavuta kwenye nyonga mtu akikaa. Kabla ya kushika chaki, jiulize kwa kila kifungo: kitavutwa kwenda upande gani? Mengi ya haya ninayokuandikia yanatoka hapo.

Mvalishe mteja blauzi kabla hujapasua kitu. Pandanisha pande mbili za mbele, mstari wa katikati juu ya mstari wa katikati, ufunge kwa pini. Weka alama ya kwanza pale kifua kinapojitokeza zaidi, usawa wa chuchu. Kifungo hicho hakihami kwa sababu yoyote. Kisha weka alama ya kile cha juu, karibu na shingo, na upime kati yao. Ukipata sentimita 16, kimoja kinaingia katikati, na hizo sentimita 8 ndizo unazoshuka nazo hadi chini. Kama kwa mteja huyo 8 bado inaachia, gawa 16 kwa tatu, au shona kifungo kidogo cha kubonyeza kwa ndani, kisichoonekana. Cha mwisho kisikaribie pindo. Kwa gauni acha angalau sentimita 10 ili mtu atembee na kukaa bila kukivuta.

Najua kikwembe chenye maua makubwa kinamtia fundi hamu ya kuweka kifungo katikati ya ua. Hata mimi napenda kukiona hivyo. Lakini ua linapangwa wakati wa kukata kitambaa. Kifungo cha kifua kisihame kwenda kulifuata.

Sasa, tundu la mlalo au la wima? Kifungo kikivutwa hukimbilia ncha ya tundu na kutulia hapo. Kifua kinavuta nguo kwenda pembeni, kwa hiyo tundu la mlalo linakipa kifungo ncha ya kuegemea. Tundu la wima, likivutwa pembeni, linafungua midomo na kifungo kinachomoka. Kwa huyo mama shona ya mlalo yote. Mkanda wa kiuno na mkanda wa mkono wa shati, mlalo pia. Ya wima yanafaa nguo pana isiyovutwa, au shati lenye kipande chembamba cha mbele. Na hata shati hilo la wanaume, angalia, tundu la kwenye kola kwa kawaida linalala.

Tundu la mlalo halianzii juu ya mstari wa katikati. Anzia milimita 3 kupita mstari, kuelekea ukingo wa nguo, na urefu uliobaki uingie ndani. Nyuzi zinazoshika kifungo zina unene wake, na hizo milimita 3 ndizo zinazokifanya kikae juu ya mstari wenyewe. Tundu la wima linakaa juu ya mstari, na kifungo chake kinashonwa milimita 3 chini ya ncha ya juu. Kutoka mstari wa katikati hadi ukingo acha nafasi isiyopungua upana wa kifungo: kifungo cha milimita 15, acha sentimita 1 na nusu. Hilo linaamuliwa siku ya kukata, kwa hiyo kifungo kinunuliwe kwanza. Blauzi ya mwanamke matundu yanakuwa upande wake wa kulia, shati la mwanaume upande wake wa kushoto.

Urefu wa tundu ni upana wa kifungo ukijumlisha na unene wake. Kifungo cha milimita 15 chenye unene wa 3 kinataka tundu la 18. Kikiwa cha mviringo au kimevikwa kitambaa, rula itakudanganya: kizungushie utepe wa karatasi, bana pale ncha zinapokutana, ukitoe na kuulaza utepe, kisha upime ulivyokunjika. Vifungo vinavyouzwa kwa namba, 18 ni kama milimita 11 na nusu, 24 ni 15, na 32 ni 20.

Kuhusu kufumuka, hapa nataka uende polepole. Kikwembe cha pamba ni kitambaa kizuri kwa matundu kwa sababu kimefumwa kwa kubana. Kiloweke na kukikausha kabla ya kukata, maana kipya kinaweza kurudi kikifuliwa na kuvuruga vipimo vyote. Nyuma ya mstari wa vifungo bandika kwa pasi kile kitambaa kigumu chenye gundi, hata ukanda wa sentimita 3 tu. Tundu lililoshonwa kwenye kitambaa kitupu halina cha kushikilia nyuzi zake, na nadhani nusu ya tatizo lako iko hapo. Pasi ya makala (mkaa) inatosha, ila weka kitambaa chenye unyevu kidogo juu na uishikilie palepale bila kuisugua.

Chora tundu kwa kufuata uzi wa kitambaa. Mashini yako ya mshono mnyoofu itakusaidia: piga mishono midogo kuzunguka mstari, milimita 2 kutoka kwake pande zote. Ndipo upasue, kuanzia katikati kwenda kila ncha, kwa makasi madogo makali, na pini ikiwa imechomwa kwenye kila ncha ili makasi yasipitilize. Funika kingo mbichi haraka kwa mishono ya mshazari kabla ya mshono wenyewe.

Uzi uwe imara, uupitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili ili usijifunge mafundo. Kata wa kutosha tundu zima, kama sentimita 70, maana kiungo katikati ya tundu ndicho kinachoachia kwanza. Ingiza sindano ndani ya mpasuo na uitokeze juu, milimita 3 kutoka ukingoni. Sindano ikiwa imetoka nusu, shika uzi pale unapotoka kwenye tundu la sindano, uzungushe chini ya ncha ya sindano, ndipo uvute. Fundo dogo litakaa juu ya ukingo uliopasuliwa. Mshono unaofuata uugusane na huu. Mafundo hayo yakisimama mstari mmoja bila nafasi, hayo ndiyo yanayobeba msuguano wa kifungo badala ya kitambaa. Mshono wenye kina cha milimita 1 utang'oka pamoja na nyuzi za kitambaa, hata kama mafundo yake ni mazuri, kwa hiyo pima kina chako kwenye yale yaliyofumuka.

Ile ncha inayoegemewa na kifungo, karibu na ukingo wa nguo, izungushe kwa mishono mitano au saba iliyopanuka kama miale. Ncha ya ndani ifunge kwa mishono mitatu ya kukatisha, kisha uifunike kwa mafundo yaleyale. Tundu la wima lifunge hivyo ncha zote mbili.

Alama za vifungo weka baada ya matundu kwisha: pandanisha, choma pini ndani ya tundu pale linapokutana na mstari wa katikati, yaani milimita 3 kutoka ncha ya ukingoni (kwa tundu la wima, milimita 3 chini ya ncha ya juu), fungua. Wakati wa kushona kifungo, laza njiti ya kiberiti juu yake na upitishe nyuzi juu ya njiti. Ukiichomoa, kifungo kinainuka. Zungusha uzi chini yake mara chache, na tundu litapata pa kukaa bila kukunjamana.

Kama una magauni mengi, si aibu kuyapeleka kwa fundi mwenye mashini ya matundu na kulipia kwa tundu. Wewe bandika kitambaa cha gundi na uchore mistari yote mwenyewe, umpelekee na kifungo chenyewe pamoja na kipande cha kikwembe kilekile chenye matabaka yaleyale, ashone tundu moja la kujaribu mbele yako. Kifungo kikipita bila kulazimishwa, mwachie kazi.