Sigara moja inakula dakika ngapi za maisha?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 38, navuta sigara kumi kwa siku. Madhara nayajua, ila naipenda, hasa ile ya baada ya chai ya asubuhi. Kama bei yake ni miaka michache ya uzeeni, naikubali biashara hiyo. Naomba hesabu: kila sigara inakula kiasi gani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Makadirio ya karibuni ya watafiti wa University College London ni dakika 20 kwa sigara, kwa wastani. Kwako ni saa 3 na dakika 20 kila siku. Kwa wanaume, chanzo kimojawapo cha hesabu hiyo ni utafiti ulioanzishwa mwaka 1951 na Richard Doll na mwenzake kwa madaktari wa Uingereza, ukaendelea miaka 50: waliovuta hadi mwisho walikufa takriban miaka 10 mapema kuliko wasiovuta.

Ila miaka hiyo haikatwi mkiani. Kiharusi na magonjwa ya moyo na mapafu huweza kumkuta mvutaji akiwa na miaka hamsini na kitu, watoto bado wanasoma. Unachouza ni miaka yako ya nguvu.

Na raha yenyewe tuipime. Nikotini, kile kilevi cha tumbaku, mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi. Ukiamka imebaki kidogo mno: hutulii, hasira ziko karibu. Ndiyo maana ile ya asubuhi ni tamu kuliko zote. Sisemi utamu huo ni wa uongo, lakini sehemu kubwa yake ni kulipa deni la sigara za jana. Jirani yako asiyevuta anakunywa chai ileile akiwa tayari ametulia.

Usijifariji kwa kupunguza hadi moja kwa siku. Hiyo moja bado inabeba karibu nusu ya hatari ya moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20.

Katika utafiti wa Doll, walioacha wakiwa na miaka 40 waliokoa takriban miaka 9. Wa miaka 60, mitatu tu. Wewe una 38, nafasi ni yako, nami natamani sana uitumie. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu. Ulizia famasi vibandiko au ubani wa kutafuna wenye nikotini. Kibandiko kiweke kwenye ngozi mara tu uamkapo, na chai ya asubuhi kainywe mbali na pale unapovutia.