Barua kwa mwanangu: daftari na mifuko ya saruji

Neema mwanangu,

Sauti yako nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikichambua mchele. Unauliza kama kupanga mambo ya miaka mitano mbele ni kukosa imani, maana mwenzako kasema ukishamwandikia Mungu ratiba umemnyang'anya kazi yake. Baba yako naye kasikia. Kasema, "Bwana akipenda tutamjibu," akatoka kwenda kununua vitumbua. Unamjua. Hata vitumbua ni Bwana akipenda.

Mimi msimamo wangu unaujua tangu uko darasa la tatu: daftari si dhambi. Yesu mwenyewe, Luka 14, anauliza ni nani atakayejenga mnara asiketi kwanza akahesabu gharama. Na Yakobo, anayependwa na hao wa "tusipange", sura ya 4 alikuwa anasema na wafanyabiashara, Kariakoo kabisa: tutaingia mji fulani, tutakaa mwaka mzima, tutapata faida. Hakuwakataza safari. Aliwaambia waseme, Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi.

Ningeishia hapo. Lakini tangu jana nawaza saruji.

Wewe ulikuwa bweni, hukuona. Desemba 2011, bado tumepanga chumba kule bondeni Jangwani, mifuko 32 imepangwa ukutani hadi chini ya kitanda. Niliinunua miwili miwili kwa pesa ya vitenge, kila mfuko na tarehe yake. Daftari lilisema fundi anaanza kujenga Chanika tarehe 7 Januari, na siku hiyo ndiyo saruji inahama. Jioni mvua haijaanza, baba yako akasimama mlangoni. "Mama Neema, hili wingu silipendi. Tuite kirikuu tuipeleke kwa dada Tabata, hata ikienda mara tatu." Nikamwambia usafiri ni tarehe 7. Akaniuliza, "Na Mungu anayo hiyo tarehe?" Nikacheka. Nikasema Bwana akipenda yake ni uvivu uliovaa kanzu.

Ndiye aliyetaka kubeba, Neema. Mimi ndiye niliyekaa.

Alfajiri maji yako dirishani. Tulitoka na nguo za mwilini, na daftari. Nilikuwa nimelifunga kwenye mfuko wa rambo. Halikulowa hata ukurasa mmoja.

Watu walikufa wiki ile, kwa hiyo saruji siililii. Majirani wengine wakahamishiwa Mabwepande, sisi tukaenda kwa shangazi yako. Kwenye jumuiya wakanifariji kwamba Mungu alikuwa na makusudi. Labda. Ila siwezi kusema aliufurisha mto Msimbazi ili anitie adabu mimi, wakati mama wa nyumba ya tatu alizika mtoto. Hapana. Lakini pia siwezi kusema hakuwepo. Mithali 16:9 nilikuwa naijua kwa moyo: "Moyo wa mtu huifikiri njia yake, bali Bwana huziongoza hatua zake." Miaka yote niliisoma kama ahadi kwamba hatua zitafuata daftari. Lile "bali" nilikuwa nalipita tu.

Hata hivyo daftari si dhambi! Paulo alizuiliwa kuingia Bithinia, akageuza njia, na bado alipowaandikia Warumi alikuwa anapanga Hispania. Nilichokosa mimi ni kile kugeuza. Au sijui. Pengine nililipenda daftari kupita kiasi. Baba yako angesema ndiyo, kwa hiyo nasema hapana.

Kuhusu mwenzako, sisemi neno. Ni kijana mwenye heshima, anasali. Swali langu ni moja tu, wala si hukumu: siku wingu likija, yeye ndiye atakayeita kirikuu, au ndiye atakayekaa kusubiri njia ifunguke? Maana watu wa Bwana akipenda wako wa aina mbili, na mimi niliolewa na... Basi. Nimesema sisemi.

Halafu zile ngazi za mlango wa uani Chanika, unapokaa ukisukwa nywele, unadhani ni mawe? Zitazame vizuri ukija. Mistari ya mfuko bado inaonekana. Ni mifuko sita kati ya ile 32, saruji iligandia humo humo. Baba yako aliibeba peke yake, hakuniambia neno.

Huyo amerudi. Vitumbua kakosa, kaleta mihogo.

Mama yako

Piga Jumapili baada ya ibada, na uniambie hicho kiwanja mnachokitazama masika maji yanapita wapi.