Kukagua rekodi ya jengo New York kabla ya kupanga

Unaweza kukagua rekodi ya jengo kabla ya kupanga, na ni bure. Ingia HPD Online, tovuti ya idara ya nyumba ya jiji, andika namba ya jengo na jina la mtaa. Yatatoka makosa yaliyoandikiwa jengo pamoja na malalamiko ya wapangaji, mara nyingi hadi namba ya fleti. Huhitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Mimi hupita hapo kila ninapohama, kabla hata sijaenda kuiona fleti.

Kitu cha kusoma ni herufi ya daraja iliyowekwa kwenye kila kosa. A ni kosa dogo, B lina hatari, C ni hatari ya papo hapo: nyumba haina joto wakati wa baridi, hakuna maji moto, rangi yenye madini ya risasi mahali anapoishi mtoto mdogo. Jengo la zamani kuwa na A kadhaa lisikutishe. Ila ukiona C za kukosa joto zinarudi kila msimu wa baridi, mwaka baada ya mwaka, tafuta kwingine. Mwenye nyumba huyo hatabadilika kwa ajili yako.

Angalizo: kosa linaweza kuonekana bado liko wazi kumbe lilisharekebishwa, mwenye nyumba hakupeleka uthibitisho tu. Na rekodi safi si hakikisho, maana wakaguzi huja zaidi pale mpangaji anapopiga 311, namba ya simu ya jiji ya kupokea malalamiko.

Kama unapewa chumba cha chini ya ardhi, angalia pia rekodi za Department of Buildings, idara ya majengo ya jiji: cheti cha matumizi ya jengo kinaruhusu watu kuishi huko? Vingi vinapangishwa bila ruhusa hiyo.